Jina Ndani ya Tumbo la Guqin

Ukimkaribisha Kalisti nyumbani kwako, ataigonga meza yako kabla hajaketi. Hagongi kwa nguvu. Anatumia kifundo cha kidole cha kati, mara mbili, kisha anainamisha kichwa kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Meza yetu ya chakula, pale Springfield, Virginia, aliigonga siku ya kwanza alipokuja na binti yake Anysie, akamwambia mama yangu, "Hii si mbao, dada. Hili ni vumbi la mbao na gundi." Mama alikuwa ameinunua wiki ile ile. Hakumsemesha mpaka chai ilipokwisha.

Hakuwa na nia ya kumuudhi mtu. Ndivyo alivyofundishwa. Alizaliwa Burundi mwaka 1971, na mwaka uliofuata mama yake akakimbia naye mgongoni hadi wakafika Ulyankulu, Tabora, kwenye makazi ya wakimbizi. Huko ndiko alikokulia, na Kiswahili chake ni cha huko. Mjomba wake alikuwa mchonga inanga, ile ala ya Kirundi iliyo kama sinia refu lenye kina, ambayo uzi wake mmoja wa mshipa wa ng'ombe hupitishwa huku na huku juu ya uwazi mpaka uwe kama nyuzi nane. Mjomba alimfundisha kwamba mbao husikilizwa kabla ya kuguswa na patasi. Kalisti hakujua kuimba wala hakutaka. Alichopenda ni kuchimba tumbo la ala, kulipunguza unene kidogo kidogo, kuligonga, kulipunguza tena.

Inanga hazikumlisha. Alitengeneza milango, vitanda na majeneza. Mwaka 2007 akaletwa Marekani pamoja na mkewe na Anysie aliyekuwa bado ananyonya. Aliosha vyombo katika hoteli moja miaka mingi, mkewe akafariki, akahamia kwenye kampuni ya kuhamisha mizigo. Alibeba makochi ya watu Virginia na Maryland nzima. Aliniambia kwamba katika nyumba mia moja alizoingia, labda nne zilikuwa na mbao ya kweli.

Mwaka 2019, yeye na rafiki yake Yohan, Mkongo wa Uvira ambaye pia tunasali naye, walitumwa kuhamisha karakana ya mzee mmoja wa Kichina kutoka chini ya nyumba yake hadi chumba cha kupanga Falls Church, nyuma ya duka la matairi. Yohan anapenda kusimulia habari za siku ile.

"Mimi nabeba, nabeba, jasho inanitoka," husema. "Nageuka, naona Kalisti anapiga mbao hodi! Nikamwambia, we Kalisti, beba! Hiyo mbao haina mtu ndani!"

Mzee yule aliwasikia, akauliza wanabishania nini. Kalisti akamwonyesha mbao mbili zilizoegemea ukuta. "Hii imekauka," alisema kwa Kiingereza chake. "Ile bado ina maji." Mzee akaigonga ile ya pili mwenyewe, akaisikiliza, kisha akamtazama Kalisti, ambaye alikuwa bado ameshikilia kochi kwa mkono mmoja. Baada ya wiki mbili alimpigia simu, akamtaka awe msaidizi wake.

Jina lake ni Shen. Sisi sote tulimwita Mwalimu Shen, kwa sababu Kalisti alimwita hivyo. Alitoka Yangzhou, China, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na kazi yake ni kutengeneza guqin. Hiyo ni ala ya nyuzi saba, ndefu kama mtoto wa miaka tisa akilala chali. Hulazwa juu ya meza, ikapigwa kwa vidole. Sauti yake ni ndogo sana. Mara ya kwanza nilipoisikia nilidhani mpigaji anajaribu nyuzi tu, kumbe wimbo ulikuwa umeshafika katikati. Sehemu ya juu ni mbao nyepesi, ya chini ni mbao nzito, na ndani ni tupu. Chini kuna matundu mawili, na lile kubwa huitwa bwawa la joka. Ukiweka kioo chini ya bwawa la joka unaweza kuona tumboni.

Kwa Kalisti, ilikuwa kama amerudi kwa mjomba wake. Kuchimba tumbo alikujua tayari. Akajifunza kupaka utomvu wa mti uliochanganywa na unga wa pembe za paa, utomvu ambao uliwasha mikono yake ikavimba mwaka wote wa kwanza. Akajifunza kusuka nyuzi za hariri. Mikono ya Mwalimu Shen ilikuwa imeanza kutetemeka, na kufikia mwaka wa pili hakushika tena patasi. Alikaa kwenye kiti, akaelekeza kwa kidole.

Mimi niliingia katika habari hii kwa sababu ya kitabu. Chuoni nilikuwa nasoma Kichina na historia ya madola ya kale ya China, zile karne ambazo China haikuwa nchi moja bali madola mengi yaliyopigana, Qin, Zhao, Chu, Qi na mengine. Wazazi wangu walitaka niwe muuguzi. Wageni wakija nyumbani wakauliza nasoma nini, baba alikuwa akijibu, "Anasoma," kisha anabadilisha mazungumzo. Kalisti ndiye mtu mzima pekee aliyewahi kuniuliza kuna nini ndani ya kitabu, kisha akatulia kusubiri jibu.

Siku hiyo alikuwa amekuja kumchukua Anysie. Nilikuwa nikisoma juu ya mafundi wa dola la Qin, nikamwambia kwamba zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, mtu aliyetengeneza upinde au mkuki katika dola lile alitakiwa kuchonga jina lake juu yake.

Akaweka kikombe chini. "Fundi? Si mfalme?"

"Fundi, Baba Anysie."

"Jina lake mwenyewe?"

"Lake mwenyewe. Mengine yanasomeka mpaka leo."

Akacheka peke yake. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole vitu alivyotengeneza maishani, milango ya kanisa la Ulyankulu, vitanda vya zahanati, jeneza la mama yake. "Hakuna hata kimoja chenye jina langu," alisema. "Hata kadi ya ukimbizi waliandika Kalisto."

Sheria ile ilikuwa na nusu ya pili. Niliijua, ilikuwa kwenye ukurasa ule ule. Lakini uso wake ulikuwa umefurahi mno, nami si mtu wa kuharibu mazungumzo. Nikafunga kitabu.

Kesho yake alimuuliza Mwalimu Shen kama watengenezaji wa guqin nao huandika majina. Mwalimu Shen akamwambia ndiyo, huandikwa tumboni kwa wino kabla sehemu mbili hazijagandishwa. "Siku moja na lako litakuwamo," alisema. Kuanzia hapo Kalisti hakuwa na ombi jingine duniani. Alituambia sisi, akaliambia kanisa, akamwambia hata yule mwenye duka la matairi.

Siku hiyo ilifika mwishoni mwa 2022. Chama kimoja cha wapenda muziki kiliagiza guqin nne za wanafunzi wanaoanza, na kilizitaka kabla ya mwaka mpya wa Kichina. Mbao kavu zilikuwa zimekwisha pale karakana, isipokuwa boriti moja ambayo Mwalimu Shen alikuwa akiitunza. Akanunua mbao mpya. Kalisti akazigonga.

"Bado mbichi, Mwalimu. Zinahitaji mwaka mzima, labda miwili."

"Zitakaukia kwa wanunuzi."

"Zitapasuka. Nyumba za huku zina hita."

"Kalisti, wewe chimba."

Akachimba. Siku ya kuzifunga, Mwalimu Shen alisimama mwenyewe kutoka kwenye kiti chake, akasaga wino, akachukua brashi. Mkono wake ulitetemeka, lakini alijitahidi. "Umefanya kazi kubwa," alisema. "Leo naandika jina lako." Akaliandika katika matumbo yote manne.

Kalisti aliniletea picha kwenye simu kabla hata wino haujakauka. Nikamsomea: Kalisti alitengeneza hii kwa mkono wake, Falls Church. Herufi nne za Kichina zilizotafutwa ili zitoe sauti ya jina lake, Ka-li-si-ti. Akaniomba nisome tena. Jumapili ile, baada ya ibada, simu yake ilizunguka mikononi mwa watu mpaka ikazima. Yohan alimpigia saluti. "Bwana Kalisti wa Uchina! Leo utatununulia soda, ama unatunywesha wino?"

Nilimuuliza, "Na zile mbao mbichi?"

"Mwalimu anajua," alijibu, akaendelea kuitazama picha.

Halafu ikaja ile boriti. Ilitoka kwenye ghala la shamba lililobomolewa huko Virginia, kupita Leesburg, na lilikuwa limesimama zaidi ya miaka mia. Ukumbi mmoja mjini Washington ulikuwa unaandaa onyesho juu ya muziki wa madola ya kale, na ulimwomba Mwalimu Shen guqin moja iliyotengenezwa kwa njia za zamani tupu. Kalisti aliifanyia kazi mwaka mzima na zaidi. Alikuwa akiamka akiizungumzia. Anysie alisema baba yake anaipapasa ile mbao kuliko alivyowahi kumpapasa yeye kichwa. Alipolimaliza tumbo lake alinipigia simu kazini, maktaba, akaniambia nisikilize, akaligonga mara mbili karibu na simu. Nilisikia kitu kama mlango unaofunguliwa mbali.

"Hii ndiyo ninayotaka iwe na jina langu," alisema. "Zile nne nashukuru. Lakini hii."

Mwalimu Shen alikuwa amemwahidi. Siku ya kuifunga, hata hivyo, alimtuma Kalisti apeleke nyuzi za hariri kwa mteja upande wa Maryland, na barabara ya Beltway ilikuwa imejaa kama kawaida yake. Aliporudi alikuta tumbo limeshafungwa, gundi imepakwa, na kamba zimekazwa.

"Uliandika, Mwalimu?"

"Niliandika."

Kalisti akafurahi, akachukua msasa, akaendelea na kazi.

Onyesho lilifunguliwa Aprili 2024. Jumamosi ya kwanza tulikwenda watu kumi na wawili, kwa basi dogo la kanisa, na Kalisti alivaa tai ya harusi yake. Guqin ya boriti ililazwa juu ya meza ya kioo katikati ya chumba, nyeusi, inang'aa kidogo tu, na chini yake waandaaji walikuwa wameweka kioo cha kujitazamia ili watu waone maandishi ya tumboni. Kalisti hakulijua hilo. Alipokiona kile kioo aligeuka akatutazama sote kama bwana harusi.

"Dada Violet, soma basi," Yohan akaniambia kwa sauti ya kanisani. "Sisi tumekuja kuona jina. Mbao iko mingi kwetu nyumbani."

Nikainama. Nilisoma kimya, nikasoma mara ya pili, na mara ya tatu, kwa sababu kioo hugeuza herufi na nilikuwa natafuta kosa langu. Nilipoinuka, Kalisti alikuwa ananitazama usoni, wala hakuwa anatazama kioo tena.

"Soma tu, mwanangu."

"Limeandikwa jina la Mwalimu Shen."

"Halafu?"

"Shen wa Yangzhou alitengeneza hii kwa mkono wake. Na mwaka."

"Halafu?"

"Basi, Baba Anysie. Hakuna kingine."

Yohan akajaribu. "Labda Kichina chako ni ya shule, si ya watu." Anysie akaanza kwa Kiingereza, sauti ikipanda, kwamba huu ni wizi, kwamba wamwite mkuu wa pale sasa hivi. Baba yake akamshika mkono.

"Anysie. Hapa kuna watu."

Kisha akatugeukia sote na kuanza kutueleza, akimtetea yule mtu, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko jingine lolote siku ile. Onyesho ni la mwalimu, alisema. Wamemwalika yeye. Lazima jina liwe la mwenye karakana. "Na mimi nina zangu nne," alisema. "Zile zina jina langu, Violet alisoma. Si ulisoma?"

"Nilisoma."

"Basi."

Tuliporudi, hakuna aliyeimba ndani ya basi. Alikuwa ameivua tai, ameikunja vizuri, ameishika mapajani.

Jumanne iliyofuata alikuwa kwenye chumba cha nyuma cha karakana, kile chenye unyevu ambamo guqin huachwa utomvu ukauke, akasikia mama mmoja ameingia kwa mbele. Walizungumza Kiingereza, kwa sababu mama huyo alizaliwa Singapore na Kichina cha Mwalimu Shen kilimpa taabu. Anaitwa Bi Tao. Ni mwalimu mstaafu anayeishi Germantown, na alikuwa amenunua moja ya zile guqin nne. Ilikuwa imepasuka tumbo, kutoka bwawa la joka mpaka karibu na mkia.

Kalisti alidhani Mwalimu Shen ataomba radhi. Alishavua glovu ili atoke akaipokee.

"Angalia ndani," alimsikia Mwalimu Shen akisema. "Tumia simu yako, piga picha. Unaona jina? Hiyo si kazi yangu. Ni ya msaidizi mmoja, mtu wa Afrika, nilimwonea huruma. Ndiyo maana sisi huandika majina. Guqin zangu mimi hazipasuki."

Bi Tao akauliza kama msaidizi huyo bado yupo.

"Alishaondoka," alisema Mwalimu Shen.

Kalisti alibaki amesimama nyuma ya mlango, glovu mkononi. Aliniambia baadaye kwamba kilichomjia kwanza kilikuwa aibu, kana kwamba yeye ndiye amekamatwa akisikiliza watu. Alisubiri mpaka kengele ya mlango wa mbele ilie. Kisha akatoka.

"Nilikwambia mbao ni mbichi."

Mwalimu Shen hakushtuka. "Ulisema."

"Ukaandika jina langu."

"Niliandika."

"Kwenye ile boriti hukuandika."

"Niliandika langu." Mzee akaketi. "Kalisti, fikiri. Jina langu likivunjika, karakana hii inafungwa, na wewe unarudi kubeba makochi. Jina lako haliwezi kuvunjika. Nani analijua?" Akaongeza, taratibu, kama anayemfundisha namna ya kushika patasi: "Ndivyo ilivyokuwa tangu dola la Qin. Jina la fundi liliandikwa kwa ajili ya kosa. Hukujua?"

Kalisti akavua aproni, akachukua patasi zake tatu, zile alizokuja nazo kutoka Tabora, akatoka kwa mlango wa nyuma. Bi Tao alikuwa bado kwenye maegesho, akijaribu kuilaza guqin kwenye kiti cha nyuma cha gari bila kuikandamiza. Alipoona mtu mrefu mwenye patasi mkononi anamjia mbio, alifunga mlango upesi.

"Mama, usiogope," Kalisti alimwambia kwa Kiingereza. "Mimi ndiye Kalisti. Jina la ndani ni langu."

Hayo ya maegesho niliyasikia baadaye. Alasiri ile ile, kabla hajaniambia lolote, alikuja maktaba. Nilikuwa napanga vitabu vilivyorudishwa. Mikono yake ilikuwa na weusi wa utomvu mpaka kwenye viwiko, na watu walimpisha.

"Violet. Ile sheria ya majina. Ilikuwa inaishaje?"

Nilijua papo hapo. Sikumuuliza sheria gani.

"Walichonga jina," nilisema, "ili upinde ukivunjika vitani, ijulikane ni nani wa kuadhibiwa."

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi, Baba Anysie."

Akaigonga rafu ya vitabu kwa kifundo cha kidole, mara moja tu, bila kusikiliza. "Ningeisikia kwako, ningeudhika kidogo tukanywa chai," alisema. "Na siku ya zile nne ningemuuliza, kwa nini leo? Kwa nini hizi? Sasa nimeisikia kwake." Akaondoka. Nilibaki na kitabu mkononi, nikakiweka mahali ambapo si pake. Kilikuja kutafutwa baada ya wiki mbili.

Jumapili tatu zilipita bila salamu. Alikaa upande wa pili wa kanisa, na akina mama wakaanza kuniuliza nimemfanya nini mzee wa watu. Nilisema silijui kosa langu. Huo nao ulikuwa uongo, na mwepesi kuliko ule wa kwanza.

Wiki ya nne alinipigia simu. Hakuulizia hali.

"Jumamosi una kazi?"

"Sina."

"Njoo na ile brashi yako ya chuo. Na wino."

Nyumba ya Bi Tao ni moja kati ya zile nyumba mpya za Germantown zilizoshikana, zote za rangi moja, na Kalisti alinielekeza nitafute gereji iliyo wazi. Nilimkuta ameinamia meza ya kukunja. Guqin ilikuwa imefunguliwa, sehemu ya juu kando, ya chini kando. Kumbe alikuwa akifika pale kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kubeba mizigo na Yohan, kwa kuwa alikuwa amerudi kwenye kampuni ile ile. Alikuwa ametenganisha gundi kwa kisu chembamba, ameiacha mbao ikauke, amechomeka kipande cha mbao kwenye ufa na kuuziba kwa kitambaa cha katani na utomvu. Hakutaka Bi Tao amlipe. Bi Tao alikuwa amekaa kwenye kiti cha bustani, na bakuli la karanga mapajani, akimtazama kama mtu anayetazama mpira.

"Nimemwambia atoe lile jina," Bi Tao aliniambia. "Msasa dakika mbili. Kwa nini alibebe?"

Nikainama. Lilikuwepo tumboni, herufi nne na maneno yanayofuata, wino mweusi bado, kwa mkono wa mtu anayetetemeka aliyejitahidi.

"Nikilifuta, kosa litakuwa la nani?" alisema Kalisti kwa Kiswahili, kwangu, bila kuinua macho. "Mbao ilipasuka. Mikono iliyoichimba ni hii. Nilijua ni mbichi, na siku ile aliposhika brashi nikanyamaza, kwa sababu nilitaka jina. Liache. Lakini chini yake pana nafasi."

"Niandike nini?"

Alikuwa ameshafikiria. Labda kwa wiki zote tatu. "Andika: fundi alisema mbao haijakauka."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Si matusi. Andika kwa Kichina, ili anayeweza kusoma la juu asome na la chini."

Nilisaga wino juu ya kisahani cha Bi Tao. Nimesoma maandishi mengi ya madola yale, yaliyoachwa na watu walioandika yaliyofanywa na wafalme, lakini sikuwahi kuandika kitu ambacho kitafungiwa ndani ya mbao, kisiweze kusahihishwa. Herufi ya mwisho ilienda upande kidogo.

"Nisomee," alisema Kalisti.

Nikasoma.

"Yote?"

"Yote."

"Hakuna nusu nyingine?"

"Hakuna, Baba Anysie."

Akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Siwezi kusema kwamba alinisamehe. Hajaja kwetu kunywa chai mpaka leo, na mama ameacha kuniuliza sababu. Guqin moja nyingine kati ya zile nne tumesikia iko Baltimore, nayo ina ufa. Mbili hatujui ziko wapi. Ile ya boriti bado iko kwenye onyesho, juu ya kioo chake, haina hata mkwaruzo.

Alisubiri wino ukauke. Akaigonga mbao mara mbili, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akisikiliza. Kisha akapaka gundi pembeni kote, akashusha sehemu ya juu taratibu ikakaa mahali pake, akaanza kukaza kamba.